Mkono wa Kulia wa Khatibu

Shuleni, Kwale
Jumapili, 11 Mei 2025

Mjomba Chirau,

Kabla hata ya salamu: nimepanda mimbari ya msikiti wetu nikakaa juu yake. Sijamwambia mtu yeyote. Nimeliandika kwanza kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitasalimia mpaka karatasi iishe, na jambo lenyewe litarudi tumboni kama kawaida yangu.

Sasa, assalaam aleikum, na shikamoo. Natumai nyote hapo Bodo hamjambo, na Mkaza mjomba Ummi magoti yamempa nafasi, na yule beberu wenu ametapika ile kamba ya nguo. Mimi sijambo. Huku juu asubuhi kuna ukungu, tukipanga mstari wa chai hatuonani, ambayo ni rehema kwangu. Juzi mwalimu wa Kiingereza alitupa insha, tueleze mahali tunapopapenda. Nikaandika ufuo wa Diani, ambako nimefika mara mbili tu maishani, kwa kuwa niliona haya kupataja mahali penyewe.

Mahali penyewe ndipo hapo juu, Mjomba.

Ilikuwa likizo ya Aprili, siku ile wanawake tulipoitwa kuosha msikiti kabla mafundi hawajaanza kuupanua. Unajua desturi yetu, wanaume mnatoa mikeka juani kisha mnatuachia ndoo na kwenda zenu. Mama alikuwa nje anasugua birika. Mimi nikapewa kitambaa nifute mihrabu na mimbari. Nilikuwa na udhu, nakuapia. Wenzangu walipotoka kwenda kunywa chai, nilijiambia nitafuta ngazi ya kwanza tu. Kisha ya pili. Ya tatu nikaikalia.

Mjomba, hujui nilivyosikia! Sijawahi kuiona mimbari yetu kutoka mbele hata siku moja. Dirisha la chumba cha wanawake linatazama nguzo ya pili, basi. Miaka yangu yote nimesikiliza hutuba ikitoka ndani ya nguzo. Sasa nimekaa juu, msikiti wote uko mbele yangu, na mkono wangu wa kulia ukaanguka wenyewe juu ya ukingo, ukaingia kwenye kibonde. Kibonde laini kama sabuni iliyotumika. Mikono ya makhatibu wote imekilainisha, na mimi nilikuwa na umbo lake kiganjani. Na mguu wangu wa kushoto ukagusa kishimo kwenye ngazi, kadiri ya kidole, ambapo ncha ya fimbo ya khatibu huchoma kila Ijumaa. Jiwe limechoka kwa fimbo!

Hapo akaingia Mzee Mangi muadhini. Nilijikunja nikawa kama furushi. Akaenda akasimama kwenye mihrabu, akaimba kaswida nzima kwa sauti ya chini, na mihrabu ikamrudishia. Akasema, "Haya," akatoka. Niliposhuka, viatu vyangu, ambavyo nilivivua mlango mkubwa wa wanaume kwa uzembe, nikavikuta mlango wa wanawake, vimepangwa. Nadhani ni watoto.

Sasa Mama anasema mimbari itavunjwa kwa kuwa ukuta wa kibla unasogezwa, na mwenyekiti, Bwana Issa, ataka kununua iliyotengenezwa tayari Mombasa, ya rangi ya dhahabu. Nilikusikia kwetu ukisema utaiomba kazi hiyo uichonge kwa mbao. Mjomba, nimeichora. Kibonde, kishimo, vyote, na nakshi ya ubavuni. Imo humu ndani ya bahasha.

Tafadhali sana usimwambie Mama. Au ameshasikia lolote? Unakumbuka nilipojikata kidole gumba kwa patasi yako nikiwa darasa la tatu, alivyonivuta kutoka karakana yako akisema, "Mkono wa binti yangu si wa vyuma." Hajabadilisha neno hilo. Na mimi sijaacha kutaka kuchonga. Hilo pia sijamwambia mtu.

Nasikia hatua mlangoni, nataka kuificha karatasi chini ya daftari la kemia.

Mpwa wako,
Twaiba


Bodo
Jumanne, 3 Juni 2025

Mpwa wangu Twaiba,

Marahaba mbili, moja ya salamu na moja ya mwanzo wa barua yako, ambao ulinipitisha chai puani. Wa aleikum salaam. Sisi wazima. Ummi anakusalimu, magoti ni yale yale, akiona mawingu huyasoma kwa magoti kabla ya redio. Beberu amepona kamba, sasa amekula kofia yangu ya Ijumaa. Idi hii ya Mfungo Tatu ni yake, nimemwambia mwenyewe usoni. Usinilaumu kuchelewa. Barua yako ililala dukani kwa Mwanarusi hapo Kombani, chini ya gunia la maharagwe, mpaka maharagwe yalipouzika.

Juu ya kupanda mimbari, mimi nimepanda mwembe wa msikiti, paa la msikiti na mkokoteni wa msikiti. Mimbari sikuwahi kuipanda. Umenipita.

Haya, sikiliza. Kamati ilikutana. Issa akaweka simu yake juu ya mkeka atuonyeshe ile ya Mombasa. Dhahabu tupu, na ndani ina taa. Mimi nikakunjua karatasi yako kando yake. Mzee Mangi akatafuta miwani, akaikosa, akaazima ya jirani.

"Nani kachora?" Issa akauliza.

"Fundi."

"Fundi gani? Wewe Chirau huwezi kuchora hata yai."

"Fundi wa kwetu."

"Hana jina?"

"Mnataka mimbari," nikasema, "au mnataka cheti cha kuzaliwa?"

Walicheka wote isipokuwa Issa, kisha na yeye akashindwa. Basi tumepewa kazi, mpwa wangu! Nimesema tumepewa, soma vizuri. Iwe imesimama Ijumaa ya Maulidi, Mfungo Sita, hutuba isomwe juu yake. Isipokuwa tayari, ile yenye taa itapanda lori.

Mvule nimeupata, mkavu, hauna fundo. Nimekwenda kupima ile ya mawe, urefu wake na upana na kina cha ngazi. Kile kibonde cha mkono sikukipima, maana umekichora vizuri mno. Nitakichonga pale pale kilipo kwenye karatasi.

Nakshi hii ya ubavuni, umeitoa wapi? Naitazama naona naijua, lakini sikumbuki nimeiona msikiti gani.

Umeuliza juu ya mamako. Mamako hajambo, mihogo yake mwaka huu mizuri sana.

Mjomba wako,
Chirau


Shuleni, Kwale
Jumapili, 15 Juni 2025

Mjomba Chirau,

Assalaam aleikum, shikamoo, Idi mubarak iliyopita. Sisi tuliobaki shuleni tulipikiwa pilau yenye mchele mwingi na nyama ya kubahatisha. Poleni na beberu. Nikukumbushe kofia yako alikwenda nayo.

Tumepewa kazi! Nilisoma neno hilo chooni, maana ndipo mahali pekee shule hii mtu huachwa peke yake, nikaruka mpaka mlango ukafunguka wenyewe. Everlyn Munee alikuwa nje anasubiri zamu yake. Everlyn ni jirani yangu wa kitanda, baba yake ana shamba huko juu kwenye ardhi ya walowezi, wao ni Wakamba, na mdomo wake haujui kufungwa. Alinikuta na nakala ya mchoro mkononi.

"Hii ni ngazi?" akaniuliza.

"Mimbari."

"Inaenda wapi sasa? Imepanda, imepanda, halafu imeishia tu hewani!"

"Haiendi popote. Khatibu anapanda, anageuka, anatutazama."

"Na hiki kishimo?"

Mjomba, mimi ambaye nikiulizwa jina langu darasani hutazama dirishani, nilisimama mlango wa choo nikamweleza kila kitu. Nikamwambia tulivyosomeshwa chuo cha Kurani, kwamba khatibu hushika fimbo kwa mkono wa kushoto, na wa kulia huuweka juu ya ukingo wa mimbari, asiuache unaning'inia wala kuchezacheza. Ndiyo maana kuna kishimo huku na kibonde huku. Akasikiliza mdomo wazi.

"Pasta wetu hushika maikrofoni na mikono yote miwili kama ataibiwa," akasema. "Na nani alichora hii?"

"Fundi wa kwetu," nikasema. Nilitumia maneno yako.

Akanitazama vidole, vina penseli mpaka kwenye kucha. Hakuuliza tena. Aki huyu msichana ana akili kuliko kelele zake.

Nakshi nimeitoa nyumbani. Nisiseme zaidi.

Umefika wapi? Umeanza na ngazi au na mbavu? Usitumie misumari, Mjomba, tumia vijiti vya mbao, nakuomba. Najua unajua. Nakuomba tu.

Mama hajui bado? Hukunijibu.

Kuna mtu anakuja, nafunika.

Twaiba


Shuleni, Kwale
Jumapili, 6 Julai 2025

Mjomba,

Shikamoo. Wote hawajambo? Sijapata barua yako tangu ile ya kwanza. Nimemtuma Everlyn alipopewa ruhusa ya kwenda hospitali apitie kwa Mwanarusi. Amesema hata chini ya magunia hakuna. Je, Issa amegeuka? Je, lori limekuja na ile yenye taa? Au ni mchoro wangu una kasoro na unaona haya kuniambia? Niambie tu. Mimi si mtoto. Au ni Mama?

Nimeota mara mbili naishika patasi na haina mpini.

Twaiba


Bodo
Alhamisi, 17 Julai 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Hatujambo sote. Ummi ameniambia nisipoandika leo, chai nitajichemshia, nami sijui hata majani yanakaa wapi.

Issa hajageuka, lori halijaja, na mchoro wako hauna neno. Nilinyamaza kwa sababu waliivunja.

Nilijua itavunjwa, kila mtu alijua. Lakini nilipofika na kukuta watu wamejipanga, nikashindwa kushika nyundo, mimi mwenye kazi ya nyundo. Hawakuibomoa ovyo. Walilitoa jiwe baada ya jiwe, wakipokezana mkono kwa mkono mpaka nje, na Mzee Mangi anasoma. Mawe yameingia kwenye msingi wa ukuta mpya wa kibla, kwa hiyo bado yanaelekea kule kule. Lile jiwe lenye kishimo cha fimbo niliwaomba. Nimelilaza mlango wa chumba cha wanawake, liwe kizingiti chenu. Mvua ikinyesha kishimo kinajaa maji na ndege wanakuja kunywa. Siku kadhaa nilikuwa nikikaa kuandika naona mahali pale patupu, naweka kalamu chini.

Sasa nimepata nguvu. Mbavu zimesimama, ngazi ziko tayari, na kibonde cha mkono nimekichonga kwenye nguzo ya juu, nimekipiga msasa mpaka nzi akitua anateleza. Bila msumari hata mmoja, ewe mwalimu wangu.

Na habari nyingine, ile nguzo yako ya pili msikitini imeondolewa! Wameweka boriti ndefu ya zege, na dirisha la wanawake limetiwa kimia kipana. Mtaona kila kitu sasa.

Ukija likizo ya Agosti mwambie mamako unakwenda kwa Ummi kujifunza mkate wa sinia. Ummi amekubali kusingiziwa.

Umeuliza tena juu ya mamako. Mvua huku zimekatika.

Chirau


Shuleni, Kwale
Ijumaa, 29 Agosti 2025

Mjomba Chirau,

Assalaam aleikum na shikamoo. Nimefika salama. Ukungu upo, chai ni ile ile, Everlyn amerudi na maembe mabichi na chumvi, na tumekula mpaka meno yamekufa ganzi. Msalimu sana Mkaza mjomba, mwambie mkate wake wa sinia niliousifu kwa Mama ulipikwa na nani siri hiyo nitazikwa nayo.

Wiki zote tulizokuwa pamoja karakana nilikuwa na maneno, na kila nikifungua mdomo natoa neno moja, "Msasa." Basi nayaandika hapa, maana kwa kalamu mimi ni mtu mwingine.

Siku ya kwanza uliponiambia, "Haya panda, fundi, ujaribu," nilipanda nimefumba macho. Nilitaka nikae kama siku ile. Nikakaa, nikauachia mkono wa kulia uanguke. Ukaanguka hewani! Nikafumbua macho, kibonde kiko kushoto. Kizuri kuliko cha mawe, kimeng'aa, na kiko mkono wa fimbo.

Ulisimama mbele yangu na mchoro mkononi. "Lakini umekichora kulia," ukasema.

"Ndiyo, kulia."

"Nami nimekichonga kulia."

Tukatazamana. Kisha ukaja ukapanda kando yangu, ukageuka, ukauona mchoro kutoka kule juu, ukapiga kelele mpaka kuku wa Mkaza mjomba wakatawanyika. Mimi nilikuwa nimechora kama nilivyokaa, kwa kuwa ndipo mahali pekee nilipowahi kuiona. Nawe ukasoma kama unavyokaa kwenye safu, kwa kuwa ndipo mahali pekee ulipowahi kuiona. Kulia kwangu ni kushoto kwako. Na mimbari ya mawe haipo tena twende tukaiulize.

"Miaka hamsini ya Ijumaa," ukasema, "na sikumbuki mkono wa khatibu uko wapi!"

"Hutazami?"

"Nasinzia, mwanangu. Kila Ijumaa nasinzia."

Nilicheka na huku nalia. Mfungo Sita ulikuwa unakuja, mlango wa mimbari na taji lake vilikuwa havijaguswa, na kumbe nguzo ya kulia ichongwe upya. Nikadhani utaniambia niende nyumbani. Ukafungua kitambaa, ukatoa patasi ndogo, ile ile iliyonikata, ukanipa kwa upande wa mpini. Ukasema, "Mimi nina mlango. Nguzo ni yako." Ukanipa mgongo ukaanza kupiga randa. Hukunitazama hata mara moja, na hilo ndilo ninalokushukuru kuliko yote. Ungenitazama nisingeweza.

Pigo la kwanza lilichubua tu. La pili liliingia kidogo. Baadaye sikusikia tena mkono, nilisikia mbao tu, unavyokwenda nayo inatoa utepe mrefu, unavyokwenda kinyume inakung'ata. Nilichonga kibonde cha kulia nikikijaribu kwa kiganja changu, nikakumbuka cha jiwe, nikachimba kidogo tena. Kisha ukaniachia na nakshi ya mbavu zote mbili. Mjomba, nilikuwa na furaha mpaka niliogopa.

Nyumbani Mama alinishika kichwa. "Mkate wa sinia gani huu unaotia unga nyweleni?"

"Unga wa mchele, Mama."

Akaunusa. "Mchele wenu unanukia mvule," akasema, akaenda zake kwenye mkeka wake kusuka. Sijui ameelewa nini.

Kile kibonde cha kushoto ulisema tukiache, hatuna wakati wa kukifuta. Kinaniuma. Kila mtu ataona kosa letu Ijumaa ya Maulidi, na mimi sitakuwapo. Niandikie mara moja. Usianze na kuku wala mihogo.

Hatua tena. Naficha.

Twaiba


Bodo
Jumapili, 7 Septemba 2025

Mpwa wangu Twaiba,

Marahaba. Kuku wazima, mihogo mizima. Umeniambia nisianze nayo, nami nimeanza, uvumilie kidogo upate adabu.

Imesimama! Alhamisi vijana wanane waliibeba kutoka karakana mpaka msikitini, na njia nzima Issa alitangulia mbele akipiga kelele, "Taratibu, taratibu, hiyo ni mvule!" Utadhani yeye ndiye aliyeukata. Tuliiweka kulia kwa mihrabu. Imekaa kama ilizaliwa hapo. Issa akapitisha kiganja ubavuni, juu ya nakshi yako, akarudia, akarudia tena. "Ile yenye taa," akasema, "ingetuumiza macho tu." Kwa Issa hayo ni machozi.

Sasa Ijumaa. Msikiti umejaa mpaka nje, watu wametoka Funzi na Msambweni. Mzee Mangi akamkabidhi khatibu fimbo kama kawaida. Khatibu akapanda, akageuka, akatoa salamu, akakaa. Na mkono wake wa kulia, Twaiba, safari hii sikusinzia, nilikuwa nautazama kama paka, ukaanguka juu ya nguzo yako, ukaingia. Akatazama chini. Akautoa, akautia tena. Kisha akatulia nao mpaka mwisho wa hutuba ya kwanza.

Na kosa letu? Unakumbuka fimbo ya msikiti ilivyokuwa? Hutuba ikiisha Mzee Mangi huiegemeza mihrabuni, na kila Ijumaa, tukishuka kusujudu, inaanguka, kwaa! Watoto huingojea. Basi khatibu alipomaliza akataka kushuka, akatafuta pa kuiweka, akaona kibonde cha kushoto kiko wazi. Akailaza fimbo humo. Ikakaa. Tukasali rakaa zote mbili watoto wamekaza masikio, na haikuanguka. Baada ya sala watu wakanijia wakinipa mkono, "Chirau, hata pa kuegemeza fimbo umepafikiria!" Nikasema alhamdulillahi. Mungu anisamehe, sikusema zaidi.

Mzee Mangi alinivuta kando. "Mpelekee salamu fundi wako," akasema. "Mwambie siku nyingine akipanda, viatu avivulie mlango wa kwao. Mimi ni mzee, kuinama kubeba viatu vya watu mgongo unauma." Na ile kaswida, anasema, aliiimba ndefu makusudi, upate kutulia usije ukaanguka. Basi alijua tangu mwanzo, hata siku ile ya kamati na miwani ya kuazima.

Sasa mamako. Najua umekuwa ukisubiri mstari huu.

Alikuwa chumba cha wanawake, mbele kabisa kwenye kimia. Watu walipokwisha kutoka, nilirudi kukusanya vitambaa vyangu nikamkuta ameingia ndani, amesimama mbele ya ubavu wa mimbari, kidole chake kinafuata nakshi. Anakwenda juu, chini, juu, chini. Alipofika pembeni, pale ambapo umepitisha chane mbili pamoja badala ya moja, akasimama. Na mimi, mjinga, ndipo nilipokumbuka nimeiona wapi! Nimekalia nakshi ile maisha yangu yote. Ni ukili, msuko wa mikeka yake. Hakuna mwanamke mwingine Bodo anayepitisha chane mbili za ukindu pembeni.

"Huu ni wangu," akasema.

Nikaendelea kukunja vitambaa.

"Wewe Chirau hujawahi kusuka hata kifungio cha kuku. Pembe hii umeijuaje?"

Nikapangusa vumbi la mbao ambalo halikuwapo.

"Nimekuuliza."

"Dada," nikasema, "muulize anayejua."

Akakaa chini hapo hapo, kwenye ngazi ya kwanza, akajifunika uso kwa ncha ya buibui. Kwa nini, sijui. Sikumwambia kitu, na sitamwambia. Hilo ni lako. Umeliandika kwangu tangu Mei, nami ni mtu wa kukuhifadhia tu.

Jumapili ijayo ni siku yenu ya wazazi. Anakuja. Jambo moja tu la ziada, patasi ile ndogo haipo kwenye msumari wake tangu jana alipokuja kumtazama Ummi. Nimetafuta kila mahali. Panya wa hapa hawali chuma.

Mjomba wako,
Chirau


Shuleni, Kwale
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mjomba Chirau,

Shikamoo, assalaam aleikum, wote hawajambo, kuku hawajambo, mihogo haijambo. Nimekumaliza.

Barua yako imenifikia Alhamisi na nimeisoma mpaka mikunjo yake imeanza kukatika. Fimbo haikuanguka! Nimemsimulia Everlyn, akapiga makofi bweni zima likageuka. Mzee Mangi nitamtazamaje usoni? Mimi nilidhani ni watoto!

Lakini sasa niko kama kwenye pigo la kwanza. Ni saa za wageni. Nimekaa bwenini, juu ya kitanda changu, wenzangu wako chini ya miti na wazazi wao na vyungu. Nakuandikia ili nisikimbie. Patasi amechukua ya nini? Nimefikiri njia mbili. Ya kwanza, amekuja nayo aniwekee mbele yangu aseme, hii ndiyo iliyokukata, na tena umenidanganya kwa mkate wa sinia. Anayo haki. Ya pili siwezi hata kuiandika.

Hukumuuliza kwa nini alilia. Najua hukumuuliza, na mimi pia nisingeuliza. Nafikiri ni kwa sababu mikeka yake hukaliwa na watu kila siku, wala hakuna aliyewahi kusimama akaitazama. Sasa wanaitazama mbele ya kibla. Au si hivyo. Nitamwuliza. Safari hii nitamwuliza kwa mdomo.

Ngoja, Everlyn ameingia anakimbia, kiatu kimoja.

"Twaiba! Mamako yuko getini anagombana na askari!"

"Anagombana kwa nini?"

"Amekuja na chuma kwa kanga! Askari amesema hiyo ni silaha, haingii. Mamako amemwambia, silaha gani, ni patasi. Askari akamuuliza, mama, patasi ni ya nani? Akasema," na hapa Everlyn akashika kiuno kama Mama kabisa, "'Ni ya mwanangu. Ni fundi. Aliyechonga mimbari ya Bodo ni huyu, muulize yeyote!'"

Mjomba, amelisema getini. Mbele ya askari na wazazi wa watu.

Wamekubaliana patasi ibaki kwa askari mpaka Mama atakapoondoka nayo, na naambiwa amemfundisha askari namna ya kuishika ili isimkate. Sasa anapanda kuja huku. Nazisikia ndara zake kwenye ukumbi, ile ya kushoto inaburuta kama siku zote. Karatasi iko magotini, mchoro wa mimbari uko kando yake kitandani, na daftari la kemia liko karibu kabisa na mkono wangu wa kulia.

Nimeliacha hapo hapo. Mlango unafunguliwa, nami bado naandi